Kura ya Askari Angani

Mwanadamu hajapata kufika kwenye nyota, lakini amekwisha kuzigawa. Katika vitabu, filamu na michezo ya siku hizi anga lina mipaka, bendera, kodi, magereza na majeshi. Na mara nyingi jeshi hutangulia, mengine yakafuata nyuma kama mizigo ya safari. Aina moja ya hadithi hizo imeenea kupita nyingine. Humo mataifa yote ya dunia yamekuwa taifa moja. Rangi na kabila hazitengi watu tena. Serikali ni moja, amri ni moja, na merikebu za binadamu husafiri kutoka jua hili hata jua lile. Umoja huo una bei yake. Umesimama juu ya mabega ya askari, na mbele ya askari yuko adui asiyekuwa mtu.

Wako wanaozihesabu hadithi hizi kuwa burudani ya vijana, nao wana haki ya kupumzika nazo wapendavyo. Mimi nazihesabu kuwa hadithi za siasa. Mtu akibuni mashine, yamkini anafikiri juu ya mashine tu; walakini akibuni serikali hawezi kuiepuka ile aliyozaliwa chini yake, ama kwa kuitukuza ama kwa kuihukumu. Kwa sababu hiyo nataka kuzungumza na msomaji juu ya dola moja ya namna hiyo, ambayo imezaa nyingine nyingi, na juu ya swali ambalo dola hiyo iliuliza bila haya: ni nani anayestahili kupiga kura?

Dola hiyo ni Shirikisho la Dunia katika riwaya iitwayo Starship Troopers, iliyotoka mwaka 1959. Mwandishi wake, Robert A. Heinlein, alizaliwa mwaka 1907 katika jimbo la Missouri, Marekani. Alihitimu katika chuo cha wanamaji cha Annapolis mwaka 1929, akawa afisa wa manowari, akaondolewa kazini mwaka 1934 kwa ugonjwa wa kifua kikuu. Vita Kuu ya Pili ilipokuja hakurudi baharini. Aliitumikia nchi yake akiwa mhandisi wa kiraia katika karakana ya jeshi la majini huko Philadelphia. Alilipenda jeshi katika ujana wake, nalo likamponyoka kabla hajashiba. Sisemi hivyo kwa kumdharau. Mapenzi yaliyokatizwa mapema huandika vizuri kuliko mapenzi yaliyozeeka, na kitabu hiki kina joto la mtu anayekumbuka.

Kiliandikwa kwa hasira. Mwaka 1958 palikuwa na watu katika Marekani waliotaka serikali yao isimamishe majaribio ya mabomu ya nyuklia. Heinlein aliliona ombi hilo kuwa ni kusalimu amri mbele ya Urusi. Yeye na mkewe wakalipia tangazo gazetini katika mji wa Colorado Springs kuwajibu. Rais Eisenhower aliposimamisha majaribio mwaka ule ule, Heinlein aliweka kando riwaya aliyokuwa akiiandika, akaandika hii. Wachapaji waliozoea kutoa vitabu vyake vya vijana waliikataa. Wengine wakaipokea, na mwaka 1960 ikapata tuzo ya Hugo, ambayo ni heshima kubwa katika fasihi ya namna hiyo. Tangu hapo haijapata kukosa wasomaji wala wagomvi.

Sasa tuitazame dola yenyewe. Mwandishi anasimulia kwamba mwishoni mwa karne ya 20 serikali za dunia zilivunjika baada ya vita kubwa. Katika mji wa Aberdeen, Scotland, askari waliorudi walikusanyika kuzuia fujo na uporaji. Wakanyonga wahalifu kadha wa kadha, wakashika madaraka, na wakaona kwamba hawawaamini watu wasiopata kuvaa sare. Desturi hiyo ikawa sheria ya ulimwengu. Chini ya Shirikisho kila mtu ana uhuru wa kusema, kufanya biashara na kutajirika. Lakini haki ya kupiga kura na kushika madaraka ni ya wale tu waliomaliza utumishi wa hiari wa miaka miwili au zaidi. Askari aliye kazini hapigi kura. Hungoja hata aagwe. Anayetaka kuacha njiani huruhusiwa, ila hatapata nafasi ya pili maisha yake yote.

Msomaji mwadilifu atakiri kwamba mwandishi hakutunga udhalimu wa kitoto. Hakuna anayelazimishwa kuingia jeshini. Hakuna anayekataliwa kwa rangi, kwa dini wala kwa jinsia. Wanawake ndio marubani wanaosifiwa kuliko wote. Hata kipofu wa kitini akiomba kutumikia hana budi kupewa kazi, ijapokuwa, kama daktari mmoja anavyotania kitabuni, kazi hiyo iwe kuhesabu vinyweleo vya kiwavi kwa kupapasa. Kijana anayesimulia hadithi, Juan Rico, ni mtoto wa tajiri. Na karibu na mwisho ndipo tunapotambua kwamba lugha ya nyumbani kwao ni Kitagalogi cha Ufilipino. Katika mwaka 1959, Marekani ilipokuwa ingali na majimbo yaliyowatenga watoto weusi na weupe shuleni, kumfanya Mfilipino shujaa wa hadithi na kutoliona jambo hilo kuwa ajabu lilikuwa tendo jema, na mwema hupewa haki yake.

Tena kitabu kina uzuri unaoshika moyo. Rico huvaa deraya inayotembea kwa mashine, iliyo kama ngozi ya pili. Akijirusha huvuka nyumba, akinyosha mkono huvunja ukuta. Sajini Zim, mkufunzi wa makuruta, ni mkali kama shubiri, kisha tunamkuta faraghani akiumia kwa sababu ya kijana aliyeadhibiwa. Adhabu zenyewe hazifichwi: aliyempiga mkubwa wake hupigwa viboko kumi na kufukuzwa, aliyetoroka na kuua mtoto hunyongwa mbele ya kikosi, Rico mwenyewe huchapwa vitano kwa uzembe katika mazoezi. Na juu ya yote iko sheria moja ambayo hakuna mtu wa heshima atakayeicheka, kwamba mwenzako hatelekezwi. Nilipokisoma mara ya kwanza nilifika mwisho usiku wa manane, na nililala nikiwa nimeshawishika nusu.

Nusu ya pili ilibaki macho, nayo ilikuwa ikitafuta sababu. Katika shule za Shirikisho liko somo la historia na falsafa ya maadili, ambalo sharti lifundishwe na askari mstaafu. Hapo swali linaulizwa waziwazi: kwa nini askari wapige kura peke yao? Je, wana akili kuliko wengine? La. Wana tabia njema kuliko wengine? Hata hilo halidaiwi. Jawabu linalotolewa ni kwamba mtu aliyemaliza utumishi amekwisha kuonyesha kwa tendo kwamba huweka salama ya wote mbele ya salama yake. Na tena, kwamba utaratibu huu unafaa kwa sababu umefanikiwa. Jawabu la pili ni jepesi. Katika riwaya kila utaratibu hufanikiwa mwandishi akitaka; kalamu haina upinzani bungeni. Jawabu la kwanza ni zito, na ndilo linalostahili mizani.

Kiswahili kinaitabasamia kidogo fikra hii. Sisi tukisema raia twakusudia mambo mawili: mtu mwenye haki ya nchi, na mtu asiyekuwa askari. Tangazo likisema askari na raia, kila mtu ajua kwamba limetaja makundi mawili. Mtu akitaka kutafsiri sheria ya Shirikisho kwa lugha yetu hana budi kuandika kwamba raia ni yule peke yake ambaye hakuwa raia. Lugha si jaji, na neno hili tumelipata kutoka Kiarabu likiwa na maana ya watu wanaochungwa kama kundi. Hata hivyo watu waliolitumia kwa karne nyingi waliona kwamba nchi ni ya wale wanaobaki majumbani, na kwamba mwenye silaha ni mlinzi wa mlango.

Ninayo sababu nyingine ya kulitazama swali hili kwa makini, nayo ni ya ukoo. Babu yangu mzaa baba alikuwa mmoja wa watu zaidi ya 80,000 wa Tanganyika waliovaa sare katika Vita Kuu ya Pili. Alikwenda Burma mwaka 1944 pamoja na Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, iliyoshuka bonde la Kabaw katika mvua kubwa, mahali penye sifa mbaya ya malaria, ikaufikia mto Chindwin mwezi wa Desemba. Alirudi kwao mwaka 1946 na koti, kofia na kikohozi. Kwa mizani ya Heinlein mtu huyu alikuwa amekwisha kulipa: alitumikia zaidi ya miaka miwili, alihatarisha mwili wake kwa ajili ya wengine, akaagwa kwa heshima. Basi alipata kura?

Hakupata. Uchaguzi wa kwanza wa Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika ulifanywa kwa vipindi viwili, mwaka 1958 na 1959. Mpiga kura alitakiwa awe na elimu ya darasa la nane, au mapato ya pauni 150 kwa mwaka, au cheo kilichotajwa katika sheria. Na kila aliyepiga kura alitakiwa kuchagua watu watatu, Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja. Babu alikuwa na darasa la pili na shamba la mikorosho. Katika Kenya, uchaguzi wa Waafrika wa mwaka 1957 ulikuwa na hesabu ya ajabu zaidi: mtu aliyetimiza masharti aliweza kupewa kura moja, mbili, au hata tatu, kwa kadiri ya sifa zake. Hivyo wakati ule ule Heinlein alipokuwa akibuni dola inayopima watu kabla ya kuwapa kura, dola halisi zilikuwa zikiwapima watu hapa petu. Yeye aliweka katika mizani utumishi. Wao waliweka shule, fedha na vyeo. Mawe yalikuwa mbalimbali, mizani ilikuwa moja.

Mtu aweza kuniambia kwamba habari hii inamtetea Heinlein: laiti mkoloni angalifuata sheria ya Shirikisho, babu yako angalipiga kura miaka 16 mapema. Ni kweli, na sikatai kwamba lingalikuwa jambo la haki kuliko lile lililotendeka. Lakini nyumbani mwa babu alikuwamo mtu wa pili. Katika miaka ya vita bibi yangu alilima peke yake, alilea watoto wawili, alimwuguza mama mkwe wake hata akamzika, na kodi ilipodaiwa alitafuta njia ya kuilipa. Hakuvaa sare. Hakula kiapo. Mwalimu wa Shirikisho angemwambia kwa upole kwamba mlango ulikuwa wazi, nafasi ya kujitolea ni ya wote, na yeye hakuomba. Naye angalimjibu, kama ningalimjua vizuri, kwa kumwuliza watoto angalimwachia nani.

Hapo ndipo hoja ya kitabu inapopasuka. Salama ya watu haipatikani vitani tu. Kila askari aliye mbele amebebwa na mkono usioonekana uliompikia, uliomlea, na utakaomwuguza akirudi. Utumishi wa askari una siku ya kuanza na siku ya kwisha, una cheo, una karatasi. Kwa hiyo ni rahisi kuuhesabu. Utumishi wa bibi haukuwa na karatasi. Sheria inayotoa kura kwa utumishi hutoa kura kwa utumishi unaohesabika, na mwenye kuhesabu ni yule aliyekwisha kupata. Heinlein mwenyewe yamkini aliuona ufa huu, maana katika kitabu chake cha mwaka 1980 alieleza kwamba watumishi wengi wa Shirikisho, 19 katika kila 20, walikuwa watumishi wa kiraia wala si wapiganaji. Msomaji akirudi katika riwaya kuwatafuta watu hao atachoka. Kurasa zimejaa deraya na mabomu.

Mwezi wa Novemba 1962 watu wazima wote wa Tanganyika waliitwa kumchagua Rais wa kwanza wa Jamhuri. Babu na bibi walikwenda pamoja. Nilipokuwa mkubwa wa kutosha kuuliza, nilimwuliza babu alikumbuka nini juu ya siku ile. Hakutaja hotuba wala bendera. Alisema ilikuwa foleni ya kwanza katika maisha yake aliyosimama pamoja na mkewe, na kwamba hakuna mtu aliyewapigia kelele. Sijapata kusikia maelezo bora ya haki ya kura. Hawakuipokea kama ujira. Ujira hutolewa na mwajiri, na mwajiri aweza kuuzuia. Kura yao ilikuwa dalili kwamba katika nchi ile hapakuwa tena na mwajiri.

Nimesema juu ya watu wa ndani ya dola. Yabaki kusema juu ya adui wa nje, kwa kuwa naamini mambo haya mawili ni mapacha. Adui mkubwa wa Shirikisho ni viumbe waitwao Wadudu. Wana malkia, wana wapiganaji, wana wafanyakazi, na wana wenye ubongo wanaotawala wote kutoka chini ya ardhi. Wameuangamiza mji wa Buenos Aires, na mama yake Rico alikuwamo. Hawana wimbo, hawana ombi, hawana neno. Mtu hawezi kufanya shauri na mchwa. Vita na adui wa namna hiyo haina swali, na dola yenye vita isiyo na swali haihitaji raia wanaouliza. Yahitaji watu wanaotii upesi. Nyamaza ya adui inahalalisha nyamaza ya nyumbani.

Lakini kitabu kina shahidi dhidi yake chenyewe. Katika sura ya kwanza Rico na wenzake wanaushambulia mji wa viumbe wengine, wembamba na warefu, waliokuwa upande wa Wadudu. Anatupa katika chumba kilichojaa watu hao bomu linalopaza sauti kwa lugha ya wenyeji, likiwaambia kwamba litalipuka baada ya sekunde 30, kisha likihesabu kwenda chini. Baadaye tunasikia kwamba viumbe hao wamegeuka, wamekuwa marafiki wa binadamu. Basi yuko mtu aliyezungumza nao. Yuko aliyeketi, akasikiliza, akatoa ahadi, akapokea ahadi. Kazi hiyo ilipunguza maadui kwa nusu, na mwandishi hakutuingiza katika chumba hicho hata kwa dakika moja. Katika riwaya nzima, neno tunalolisikia likisemwa na Shirikisho kwa lugha ya wageni limetoka katika kinywa cha bomu.

Jina lenyewe, Wadudu, halikuniacha na raha. Katika hadithi ni jina la viumbe wenye miguu mingi, na hakuna aliyekosewa. Lakini sisi wa Maziwa Makuu tunajua jina hilo hufanya nini likivishwa watu. Mwaka 1994 katika Rwanda binadamu waliitwa mende redioni na mitaani kabla ya kuuawa, na aliyekuwa akiitwa mende alikuwa jirani, mwalimu, mwimbaji wa kwaya. Sisemi kwamba riwaya ya Marekani ilileta msiba ule; huo ungekuwa uzushi. Nasema kwamba moyo unaojizoeza kufurahi kwa sababu adui hana lugha umepata zoezi la hatari, na zoezi hilo haliishii kitabuni.

Waandishi waliofuata waliliona. Joe Haldeman alikuwa mhandisi wa jeshi la Marekani katika Vietnam, akajeruhiwa huko. Mwaka 1974 akatoa riwaya iitwayo The Forever War. Vifaa vyake ni vile vile: deraya, sayari ngeni, makuruta, maofisa. Lakini kwa kuwa askari wake husafiri kwa mwendo unaokaribia ule wa nuru, miezi kwao huwa karne duniani, na kila wakirudi nyumbani hawaikuti nyumba waliyoiacha. Vita huendelea kwa miaka 1,143. Mwishowe inajulikana kwamba ilianza kwa kutosikilizana: pande mbili hazikuwa na njia ya kusemezana, na njia ilipopatikana vita ikakoma. Heinlein alimfanya adui bubu ili vita iwe na sababu. Haldeman alifunua kwamba ububu huo ndio uliokuwa sababu ya vita.

Mwaka 1997 Paul Verhoeven, Mholanzi aliyezaliwa mwaka 1938 na kukulia The Hague chini ya majeshi ya Hitler, alikigeuza kitabu cha Heinlein kuwa filamu. Aliwavika maofisa makoti ya kijivu na meusi aliyoyafahamu utotoni, akaweka kati ya vita matangazo ya serikali yanayotabasamu. Alikusudia dhihaka, watazamaji wengi, hata wachambuzi wa magazeti, walidhani ni sifa. Nimefikiri sana juu ya kosa hilo lao. Nadhani lilitokea kwa sababu sifa na dhihaka za jeshi huvaa sare moja, na ngoma ikipigwa vizuri mguu hucheza kabla sikio halijauliza imepigwa na nani. Leo vijana hucheza michezo ya kompyuta iliyozaliwa na filamu hiyo. Katika mmoja wao, Helldivers 2 wa mwaka 2024, mchezaji hufa mara nyingi kwa usiku mmoja akipiga kelele za demokrasia kwa niaba ya serikali ambayo hata kura yake humpigia. Vijana wa nyumbani kwangu huucheza na kuucheka. Siwakatazi, kwa kuwa mwenye kucheka amekwisha kuona nusu ya jambo. Huwauliza tu nusu ya pili.

Liko shirikisho jingine la nyota ambalo haifai kuliacha, maana limebeba neno letu. Mwaka 1966 ilianza katika televisheni ya Marekani hadithi ya Star Trek, yenye shirikisho la sayari nyingi. Nalo lina vyeo vya kijeshi, na chombo chake kina silaha. Lakini katika chumba cha uongozi aliketi mwanamke mweusi, Luteni Uhura, aliyeigizwa na Nichelle Nichols, na jina lake lilitokana na neno la Kiswahili, uhuru. Katika filamu ya mwaka 2009 likatajwa na jina lake la kwanza, Nyota. Wengi wetu tumejivunia jina hilo na kuishia hapo. Mimi hupenda zaidi kuitazama kazi yake. Hakuwa mpiga mizinga. Kazi yake ilikuwa kufungua njia za mawasiliano: kusikia sauti kutoka gizani, kuitambua, na kuijibu. Chombo kilipokutana na mgeni, kabla kapteni hajaamua lolote, Uhura alitangulia kusikiliza.

Mwaka 1967 hadithi hiyo hiyo ilionyesha upande wa pili wa kioo. Kapteni na wenzake watatu, Uhura akiwa mmoja wao, walijikuta katika ulimwengu ambamo shirikisho lao limekuwa himaya. Maofisa hupanda cheo kwa kuwaua wakubwa wao, na watu wa amani wanaokataa kutoa madini yao huamriwa waangamizwe. Chombo ni kile kile, nyuso ni zile zile, ujuzi ni ule ule. Kilichobadilika ni kwamba hakuna tena anayetaka kumsikia mgeni, wala anayethubutu kumwambia mkubwa wake la.

Basi hii ndiyo mizani ninayowaachia wasomaji wa hadithi za nyota, na nadhani yafaa hata kwa dola zilizo karibu kuliko nyota. Msiulize kwanza dola ina merikebu ngapi, wala askari wake ni hodari kiasi gani. Uhodari umepatikana katika dola njema na mbaya sawasawa, na babu yangu alikuwa nao alipotumikia dola isiyomhesabu. Ulizeni ni nani anayesikilizwa. Ndani, je, anasikilizwa asiye na karatasi ya utumishi? Nje, je, yuko aliyetumwa kujifunza lugha ya adui kwa kusudi lisilokuwa bomu? Dola inayouza sauti kwa wachache nyumbani italazimika kutafuta ugenini adui asiye na sauti, kwa kuwa adui anayesema huwakumbusha watu wake kwamba nao wanaweza kusema.

Heinlein aliuliza swali zuri, na alilijibu kama mtu aliyelipenda jeshi. Tusimchukie kwa jibu lake. Tukisome kitabu chake, tufurahie deraya yake, tumsikitikie sajini wake. Kisha tuwape watoto wetu cha Haldeman wakisome baada yake, na tuwasimulie habari za foleni ya mwaka 1962.